Picha ya Mlango

Nashona pochi za kadi kwa ngozi ya sangara.
Ngozi nazitoa kiwandani Igogo, minofu imeshachukuliwa,
hazina mwenyewe, zina harufu;
naziloweka, nazipaka mafuta, nazianika juu ya jabali
hadi zisahau ziwa.
Kila pochi ina vijumba vinne, vya kadi nne.
Mimi kadi ninayo moja, imepasuka pembeni,
hulala ndani ya Biblia.

Duka langu liko mtandaoni.
Gindu, mtoto wa dada, alilijenga kwa siku mbili,
akadai chipsi na vocha.
Watu wa mbali wakatazama, wakauliza:
Kadi mnapokea?
Nikajibu, kuna lipa namba.
Wakanyamaza,
kama mgeni aliyebisha hodi akasikia kicheko.

Basi nikaenda benki, barabara ya Kenyatta.
Bi Leokadia akanipa fomu ya kurasa kumi na moja.
Namba ya mlipakodi, ninayo.
Leseni, ninayo, nimeitia nailoni.
Makadirio ya mauzo kwa kadi, kwa mwezi?
Nikaandika sifuri.
"Sifuri haikubaliki, dada. Kadiria."
Nikakadiria, kama anayemkatia gauni
mtoto ambaye mimba yake haijaingia.

Mtaa na namba ya nyumba.
Tunakaa Mabatini, juu, pale ngazi zinapokwisha,
kushoto jiwe, kulia jiwe lililoegemea jiwe,
nyumba imekwama katikati kama karanga kwenye jino.
Nikaandika hivyo hivyo.
Kisanduku kikajaa kabla sijafika kwenye karanga.

Mwisho: ambatanisha picha ya mlango wa duka.
"Duka halina mlango."
"Najua. Mfumo unataka mlango."
Nikapiga picha jabali, ngozi zimeanikwa,
kuku wa jirani akakatiza.
Mfumo ukakubali.
Hadi leo, kwa kumbukumbu za benki, kuku yule ni wangu.

Katika kila mia watakata tatu na nusu.
Hela italala kwao siku saba ndipo ije kwangu,
na mnunuzi ana siku mia na ishirini
za kusema, huyu simjui, sikununua.
Hapo nilimkumbuka mama, Mwaloni,
na daftari lake lililonuka dagaa:
Mke wa Lubango, makopo sita.
Akikanwa hakupiga kelele. Alimtazama mtu usoni,
akamtazama,
mpaka mtu alipe au ahame Kirumba.
Mimi nitamtazama nani?

Jumatatu Gindu akasema, tujaribu.
Nikajiuzia pochi yangu kwa shilingi elfu moja,
nikaandika tarakimu kumi na sita, tarehe, na zile tatu za mgongoni,
nimezikinga kwa kiganja
ingawa chumbani tulikuwa wawili na cherehani.
Malipo yamekataliwa.
Kumbe kadi yangu haijafunguliwa kununua mtandaoni.
Gindu alicheka hadi akakaa chini.
Mimi sikucheka siku ile. Kufukuzwa dukani
ni jambo moja; dukani kwako, ni jingine.

Alhamisi, saa kumi alfajiri,
simu ikatetemeka juu ya kopo la sindano.
Malipo yamepokelewa. Pochi mbili, kahawia.
Jina lina herufi zenye vitone juu, sikuweza kulitamka,
na mji wake sijui unatazamana na maji gani.
Hela yenyewe bado, iko mwendo wa siku saba.
Lakini mtu alikuwa amefika, gizani,
kwenye ule mlango wa kuku,
nami sikulelewa kumwacha mteja amesimama.
Nikasema, kwa sauti ya kutomwamsha Gindu:
Mwangaluka.

Kisha nikawasha taa, nikatafuta uzi wa kahawia.
Ulikuwa umebaki kidogo.