Robo

Barabara ya Kumi na Moja, Ngamiani,
dukani tulipimiwa kila kitu kwa robo:
robo ya sukari, robo ya mchele,
na utotoni nilidhani robo ni kidogo.
Kisha nikasomea damu.

Leo, chumba cha nyuma, hospitali ya Bombo,
chini ya feni inayolia kila ikigeuka kushoto,
naandika robo kwa kalamu nyekundu.
Baba kabeba, mama kabeba, wala hawajui;
wazima, harusini kwao walicheza hadi alfajiri;
na kila mimba ni robo.
Nayo haigawi kwa haki.
Pongwe kuna nyumba ya watoto saba, imewapita wote.
Kwetu tulikuwa watatu. Ikamchagua Mbaruku,
ikarudi ikamchagua Salehe.

Mundu niliujua kwa bibi, Mombo, msimu wa mpunga.
Ulining'inia juu ya mlango,
makali yameelekezwa ukutani, hauna neno na mtu.
Sasa nauona ndani ya hadubini,
mdogo kuliko chochote bibi alichokiogopa:
chembe imejipinda, imekwama kwenye kona ya mshipa,
na zilizo nyuma yake zinasukumana
kama watu mlangoni siku ya mgawo.
Hapo ndipo goti linapolia.
Hapo ndipo mama anapokanda kwa maji ya moto saa nane usiku,
jirani huyu kasema chango, yule kasema shetani,
na mtoto hasemi kitu, kauma upindo wa shuka.

Familia ya arobaini na moja ilitoka Chumbageni.
Shafii, miaka kumi na mmoja, macho ya manjano.
Nikawaambia: uloto wa nduguye, ukilingana, tunaupanda.
"Kama muhogo?" akauliza baba.
Karibu na hivyo, nikasema,
ila shamba lazima kwanza lichomwe kwa dawa kali,
na shamba ni mwanao.
Akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili.
Na kulingana, nikaongeza, nako ni robo.

Mwanamvua, miaka sita, hakulia sindano ilipoingia.
Aliuliza tu kama nitamrudishia.

Katika familia arobaini za kwanza, nane zililingana.
Tatu zilipata pesa.
Ya tatu iko kwenye faili la kijani
nisilolifungua mbele ya watu.

Majibu yao niliyasoma nimesimama.
Mstari kwa mstari, Shafii na Mwanamvua,
sawa, sawa, sawa,
doti ya kanga ambayo haijapitiwa na mkasi.

Wakaenda Dodoma.
Mama alinunua vocha ya kunipigia, akinipata analia tu
hadi vocha inakwisha.
Nywele zilimtoka mtoto. Kucha zikawa nyeusi.
Siku ya kumi na tisa simu ikalia, sikupokea;
nilikwenda nje kwanza, nikashika ukuta.
Zilikuwa zimeota.

Aliporudi nilitaka kuona kwa jicho langu.
Tone moja, kioo, mwanga.
Duara. Duara. Duara, visahani vya kahawa,
zikipishana bila kugombana.
Na ukizichungulia zaidi damu ya Shafii,
alama zake zote ni za msichana.

Juzi nilipita kwao. Waligombea mpira uani,
Shafii akainua mkono.
"Nipige," Mwanamvua akamwambia,
"damu yangu hiyo. Itakukatalia."

Nilicheka njia nzima hadi Bombo.
Kwenye benchi walikuwapo wa arobaini na mbili,
baba, mapacha, binti mwenye vidole vilivyovimba,
na mama aliyefunga sukari kwenye karatasi,
robo,
maana hakujua kama hapa chai tunainywa na nini.