Sekunde Kumi na Moja

Tumekaa watano kuzunguka chungu cha malwa,
mirija mirefu kama nyuzi za gitaa zilizong'olewa,
nyuma ya duka la Ekisa, fundi redio wa Tororo,
na kaseti inazunguka, upande wake wa pili.

Kutu waliirekodi mwaka ule saruji ilipopanda bei,
ndani ya ghala la mifuko mitupu kando ya reli.
Mji wote ulitaka nyimbo za kuchezea harusini.
Wao wakaja na kelele iliyopauka,
gitaa limeunguzwa hadi sauti ikabaki majivu,
na Othieno akiimba kama mtu anayepapasa funguo gizani
ilhali mlango wenyewe haukufungwa.

Katekista alisema tuna pepo.
Hatukuwa na pepo. Tulikuwa na vumbi:
mashukani, ndani ya chai, juu ya kope za mama zetu,
vumbi jeupe la kiwanda,
na kabla yao hapakuwa na wimbo uliolitaja kwa jina.

Ekisa hajabadili neno: albamu hii ni mbovu.
"Walishachoka. Sikia ngoma zinavyoburuta mguu."
Apio humjibu kwamba kuburuta mguu nako ni kwenda.
Wamebishana hivi miaka kumi na tisa,
wakaoana humo humo, wakajenga, wakazaa,
na ubishi bado mbichi.

Mimi nagonga mihuri Malaba, lori baada ya lori,
na mkono wangu, sijawahi kumwambia mtu,
hugonga kwa mapigo ya wimbo wa tatu,
ule wa deni la jenereta.
Madereva wa Kigali hawajui
kwamba anayewavusha mpaka ni Nyadoi na fimbo zake mbili.

Halafu tunafika pale. Kila mmoja anaachia mrija.
Wimbo wa mwisho, ubeti wa pili, Othieno anaanza:
*Nikirudi, mniwekee*

na umeme unakatika.

Gitaa linakufa. Besi inakufa.
Nyadoi anapiga mara mbili peke yake, kisha anaelewa.
Lakini kinasa sauti kilikuwa cha betri,
kikaendelea kula ukanda:
kiti kinasogezwa,
mvua inagusa bati,
mtu anakohoa. Ni Emojong, kikohozi kile kile
tulichokipeleka hospitali baadaye, tukarudi bila mwenyewe.
Mtu anacheka kidogo.
Tak.

Hawakurekodi upya. Pesa ziliisha, au mapenzi;
mara nyingi huisha siku moja.

Mniwekee nini?
Chakula, asema Ekisa, Othieno alikuwa mlafi.
Taa, asema Apio.
Okecho, aliyeshika upande wa kichwa wa jeneza la Emojong,
asema nafasi, kisha anatazama pembeni.

Mwaka jana nilimkuta Nyadoi sokoni Mbale
akiuza misumari kwa kilo.
Nikamuuliza. Miaka yote hiyo, nikamuuliza.
Akatazama mizani.
"Sikumbuki. Labda chumvi. Alipenda sana chumvi."
Akaniongezea misumari minne ya bure,
na sikuwa na kitu cha kupigilia.

Siku hizi wavulana wa sekondari huandika KUTU kwenye mabegi.
Wanalipiga lile gitaa la wimbo wa kwanza kwa haraka mno,
kwa gitaa la kanisa, uzi mmoja haupo.
Nilimwambia mmoja wao habari ya umeme.
Akanishangaa. "Kwani wimbo hauishii hapo?
Mimi napenda hapo. Hapo pa mvua."

Nimewasimulia wenzangu. Hakuna aliyejibu.
Ekisa ameingiza kalamu kwenye tundu la kaseti,
anairudisha polepole, ukanda umechakaa,
ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika.
Malwa yamepoa.
Apio, ongeza maji ya moto.