Mshazari

Kabla ya nyundo, chaki.
Kabla ya chaki, kuketi tu sakafuni
kwa Bi Nyanchoka, Section 58, asubuhi ya vumbi,
nikiuuliza ukuta: umeficha wapi?

Nyumba ya mawe ya kuchonga, ya enzi za reli.
Plasta ya chokaa, ukiigonga hujibu kama debe.
Waya zake zilivikwa mpira, na mpira umezeeka:
ukiukunja unapukutika
kama biskuti iliyosahaulika mfukoni.

Tirop ameshika timazi. Uzi umetulia.
"Wima kutoka kwenye swichi," namwambia,
"au sambamba na sakafu. Basi. Hakuna njia ya tatu."
Atakayekuja na msumari, mwaka ambao hatutakuwapo,
aitazame swichi, ajue waya umepanda wapi,
asife kwa sababu ya kalenda.

Maneno haya si yangu. Ni ya Khaoya,
aliyenifundisha kazi katika karakana ya Bondeni,
kidole kimoja hakina kucha,
na kila mwanafunzi alipokata kona
alitoa msemo ule ule: njia ya mwongo ni fupi.

Napanda darini. Giza linanuka pareto.
Marehemu bwana wa nyumba alitandaza maua makavu
juu ya boriti, kufukuza wadudu.
Bado yapo, ukiyagusa ni unga.
Napiga chafya mara nne. Tirop, chini, anahesabu.

Nafuata waya kwa tochi, boriti hadi boriti.
Kwenye ya tatu unazama ukutani, unapotea.
Nashuka. Testa inalia pasipo na swichi,
pasipo na soketi, katikati ya ukuta mweupe.
Natia alama. Nyingine. Nyingine tena.
Naziunganisha:
mshazari mtupu,
kutoka pembe ya dari hadi kichwani pa kitanda,
kama mtu aliyekatiza shamba la jirani.

Narudi juu kutafuta mwenye kosa.
Kapiga sahihi, kwa penseli ya seremala:
Khaoya, Aprili 1979.
K yenye mguu mrefu. Naijua kuliko K yangu.

Nakaa darini kupita mahitaji ya kazi.

"Huyo?" anasema Bi Nyanchoka. "Alikuja usiku, mvua inanyesha.
Nina mtoto wa siku tatu, kifua kinakoroma,
nataka hita karibu na kitanda.
Alikuwa na waya mita saba tu. Akasema atarudi aunyooshe."
Akarudi?
"Mara mbili. Kudai hela. Waya hakuutaja."
Na mtoto?
"Yuko Eldoret, anauza matairi."

Tunapima. Mshazari: mita saba kamili,
hata shibiri haikubaki.
Wima kisha sambamba: tisa na ushee.
"Si upite palepale alipopita," Bi Nyanchoka anasema,
akihesabu shilingi machoni. "Si ni karibu?"

Njia ya mwongo ni fupi. Naam.
Na ya mwenye haraka, na ya mwenye mita saba
mbele ya mtoto anayekoroma.
Mwalimu, hili hukutufundisha,
ulitupa timazi, ukanyamaza.

Navuta chaki kufuata uzi.
Mstari wa juu, shibiri moja chini ya dari;
wa kushuka, moja kwa moja hadi kwenye soketi.
Wa zamani siuchimbui, plasta yote itaanguka nao.
Naukata huku na huku, nauacha ulale.

Kisha nyuma ya kifuniko cha fyuzi nabandika ramani:
njia mpya kwa wino,
na ule mshazari kwa vidoto,
kando yake: *umekufa, usikuogopeshe.*

Tirop anauliza, tuandike na majina?
Namwambia aandike urefu.