Fremu ya Upande

Nyumba yetu ya Majengo ni ya mbao, na mbao zina macho;
usiku taa ya jirani huchungulia ndani.
Nikasema, Katembo, nizibie matundu haya kwa picha.
Akauliza: picha ya nani? Ya mtakatifu? Ya timu?
Ya majani, nikamjibu.
Akacheka hadi misumari ikamtoka mdomoni.
Majani ni ya mbuzi, mke wangu.

Lakini fundi hawezi kuona kipande cha libuyu kikilala bure.
Jumamosi alirudi na fremu sita kwapani,
moja imekwenda upande kidogo
kama mtu anayesikiliza umbea.
Vioo nilikatiwa na Mushagalusa kule Birere,
vya dirisha lililopasuka siku ardhi ilipotikisika.
Kimoja kina ufa mwembamba kama unywele.
Nilikichukua kwa bei ya ufa.

Wino ni masizi ya sufuria ya maharage
na matone mawili ya mawese.
Karatasi ni mfuko wa saruji, lile tabaka la ndani
ambalo vumbi halikulifikia.
Napaka jani mgongoni, pale mishipa iliposimama,
nalilaza kifudifudi kama mtoto mwenye tumbo,
napitisha chupa tupu ya bia, mara moja.
Ukisita, jani linakuwa mawili.

Sombe ilitoka na vidole saba, vyote vimenyooka.
Jani la maharage lilitoka na njaa ya wadudu,
matobo yao meupe, mazuri kuliko jani.
Mgomba haukuenea; nilichukua pindo lake tu,
pale upepo wa ziwa ulipouchana.
Mkaratusi niliuharibu mara tatu.
Na kangaga, nililing'oa nyuma ya choo,
kwenye ufa wa lava, mahali ambapo hakuna aliyelipanda
wala aliyelimwagia maji.

Mama mkwe alifika kutoka Butembo, kuku mkononi,
akasimama mbele ya sombe bila kuvua kitambaa cha safari.
"Mmekosa nini nyie, hadi mtundike mboga?"
Asifiwe wangu, miaka tisa, akamshika kanga:
"Bibi, hiyo haiivi."

Fremu ya sita, ile ya upande, ilikaa tupu wiki nzima.

Uani kwetu kuna shimo la mviringo,
kina chake ni mkono wangu hadi begani.
Mwaka ule mlima uliposhuka ulimkuta mparachichi wa baba,
ukamzunguka, ukaganda,
naye akaungua humo ndani polepole, siku nyingi,
hata moshi ulipokwisha hatukujua kama amekwisha.
Jiwe likabaki limeshika kiuno chake.
Mlima nao ni fundi wa fremu, basi.
Alitengeneza hii moja, akaondoka na picha.

Sina jani la mti ule. Nani huweka jani
siku anapokimbia na godoro kichwani?
Nikalowesha karatasi, nikaibandika ndani ya shimo,
Katembo ameshika tochi, hacheki,
nikasugua kwa kaa la jikoni, bila kuona, kwa kidole.
Ilitoka nyeusi, imekwaruzwa,
na katikati mistari ya gamba lake, kama kiganja cha mtu mzima.

Mama mkwe aliitazama muda mrefu.
Hakuuliza ni mboga gani.
Kabla ya kulala niliona anainyoosha kwa ncha ya kidole,
anarudi nyuma hatua mbili, anainyoosha tena.

Usiku mlima hujigeuza kitandani mwake
na fremu hugonga ubao, tik, tik,
sombe, maharage, mgomba, kangaga.
Mkaratusi pekee haugongi, nimeupigilia kwa hasira.
Asubuhi nazinyoosha zote kabla ya chai,
ila ile ya upande.
Hiyo naiacha. Ilishasikia.