Kapsuli Zangu, Kapsuli Zake

Farofa alinikwaruza nikimtoa chini ya cherehani.
Paka wa kuokota, pua imevimba kama ya mlevi.
Nikapaka spiriti, nikarudi kwenye magauni ya kanivali.

Wiki ya tatu mkono ukaanza kutunga shanga:
moja kidoleni, moja kifundoni, ya tatu ikipanda kuelekea kwapa,
kama mtu ananishonea vifungo kwa ndani
bila hata kunipima.

Daktari Quitéria, zahanati ya Nilópolis, hakushangaa.
"Fangasi. Kwao ni udongoni na kwenye miiba;
siku hizi inasafiri kwa kucha za paka."
Nikamwambia: basi nipe za siku saba, yaishe.
"Hizo ni za bakteria, Dona Jurema. Bakteria ni mtu baki.
Hii ni ndugu. Seli yake ina kiini kama yako, vyumba kama vyako.
Sumu ya kuimaliza leo ingekumaliza na wewe.
Tunatafuta pale mlipoachana."

Mlipoachana ni padogo, upana wa uzi:
utando wake umeshonwa kwa mafuta ya aina yake, si haya yangu.
Dawa haipigi mtu. Inamwendea fundi
anayeyapika mafuta hayo,
inaukalia mkasi wake.

Hapo nilielewa.
Gauni lililopunjwa uzi halipasuki dukani.
Linacheza usiku mzima, kisha mshono mmoja, kisha wa pili,
kisha ya ndani yanamwagika nje.
"Na kumalizia," akasema, "ni kazi ya damu yako."

Kwa hiyo miezi. Baada ya chakula, na maji ya chungwa,
maana tumbo lisilo chachu haliifungui.
Ini kupimwa. Bia hapana, hata Februari,
hata mtaa mzima ukipita mlangoni pangu
umevaa mikono yangu.

Farofa naye, dawa ileile, imefichwa ndani ya dagaa.
Navaa glavu. Ananitazama kama mdai.
Valdice wa jirani anasema mtupe ng'ambo ya reli.
Nimtupe na nani? Tunaumwa pamoja.

Mwezi wa tano shanga zangu zimekauka, makovu manne.
"Bado mwezi mmoja," anasema Quitéria.
Pua ya Farofa haisogei, mbichi vilevile.

Leo nimefagia chini ya cherehani.
Kapsuli kumi na moja,
zimelambwa safi.