Mwandika Vibao

Walinipa makopo matatu ya rangi,
brashi mbili zenye nywele za kukatika,
na orodha iliyopigwa chapa:
reli ya kusini, ya mashariki, ya kaskazini,
na ile ya magharibi ipandayo kwa kukohoa
hadi Kikuyu.
"Usiongeze jina," akasema bwana Otsieno wa stoo,
"wala usipunguze.
Herufi moja tu, na watu watashuka pasipo pao."

Nilianza Makadara, reli zinapoachana kama vidole:
kimoja cha Syokimau, kimoja cha Embakasi,
na kile kirefu kinachokwaruza mpaka Ruiru.
Herufi M ni nguzo mbili na kamba ya nguo
iliyolemewa katikati.
Niliipaka polepole.
Treni ya saa kumi na moja na nusu alfajiri ikapita,
ikanimwagia vumbi rangi ikiwa mbichi.
Sogea karibu, utaliona hadi leo
ndani ya A ya pili.

Imara Daima nilisimama, nikacheka peke yangu.
Kutu haikuwa imegusa IMARA.
Ilikuwa imekula DAIMA, ikabakisha D.

Dandora, muuza mayai akaniuliza,
"Kwani jina letu limechakaa?"
"Kibao, mama. Jina liko vilevile."
"Basi tuandikie na saa za treni hapo chini,
tuone kipi kitatangulia kufutika."

Mwiki, watoto wa shule walinisomea kwa kelele,
kisha mmoja, mwenye soksi moja, akaniambia
I ya mwisho imepinda.
Imepinda kweli.
Nikaiacha.

Sasa, baada ya Githurai, kabla ya Kahawa,
kuna nguzo ya chuma isiyo na kibao.
Hakuna jukwaa, hakuna dirisha la tiketi,
kokoto tu, na mti mmoja wa mkaratusi.
Treni hupunguza mwendo hapo. Dereva ukimuuliza
atasema kona, lakini kona haipo.

Marehemu baba alikuwa genge la njia,
mtu wa spana, wa kugonga taruma na kusikiliza.
Musembi alirudi nyumbani na grisi hadi kwenye kope,
akivua viatu anasema, "Leo tumeishia Kwa Ndinda."
Au, "Mvua imetukuta Kwa Ndinda."
Nami nikadhani ni mji,
wenye taa, pengine na soko.
Alikuwa mwanamke mmoja na sufuria ya uji,
akiwakopesha genge zima hadi mwisho wa mwezi,
na mwisho wa mwezi ukichelewa, akiwakopesha tena.

Nilipitia orodha mara tatu, mbele na nyuma.
Nilimaliza Kahawa, nikamaliza Ruiru,
kisha nikarudi kwa miguu juu ya mataruma
na kile kilichobaki chini ya kopo,
kama vijiko sita hivi.
Chuma kilikuwa cha moto. Herufi zilitoka ndogo.

Jumatatu Otsieno akayatikisa makopo, moja moja,
akiyaweka sikioni kama mtu anayenunua nazi.
"La tatu limeisha mapema."
"Makadara ina A nne, bwana. Kahawa ina A tatu.
A hunywa rangi."
Akaandika kitu kwenye daftari, akalifunga.

Wiki hiyohiyo, treni ya jioni,
nimesimama karibu na mlango, mikono ina tarpentaini.
Mwendo ukapungua. Kijana mmoja, simu begani,
shingo kaipinda kuishikilia, akachungulia nje.
"Niko... ngoja. Niko Kwa Ndinda."
Upande wa pili ukauliza jambo.
"Sijui," akasema, "ndivyo wameandika.
Weka chai."