Jua la Kupaka

Miaka kumi na mmoja chaki ilinisitiri.
Magamba yakidondoka begani, nilikung'uta koti
na darasa zima likajua: mwalimu wa hesabu, vumbi lake.
Kisha bodi ya shule ikaleta ubao mweupe na kalamu za wino,
nami nikabaki na unga, bila wa kumsingizia.

Mikono mirefu, basi. Kisumu, Februari,
mabati ya Nyalenda yanalia ta, ta kwa joto,
na mimi nimefunga vifungo vyote
kama mtu aliyealikwa harusi ya baridi.
Jirani alinong'ona chira. Shemeji akaleta ogaka,
nikajipaka uchungu ule hadi mto wa kulalia ukanuka.

Daktari Nanjekho hakushtuka.
Aliushika mkono wangu bila glavu.
Hilo ndilo nililotoka nalo, si jina refu la ugonjwa.
"Hauambukizi," akasema, huku akiandika.
"Marhamu hii ni binamu ya ile vitamini
ambayo ngozi huipika yenyewe ikiota jua.
Haing'oi. Inatuliza tu seli zenye haraka."

Nikacheka hadi machozi. Jua! Hapa kwetu,
ambako jua halipimwi kwa kibaba wala halikopwi,
nimelikimbia ndani ya shati, kisha nalinunua dukani
gramu thelathini, bei ya gunia la mkaa, chenji hakuna.

Asubuhi na usiku. Usoni usiguse. Nawa mikono.
Wiki ya kwanza iliwasha kama pilipili iliyokosea njia.
Mgongoni sifiki; binti yangu Adhis hunipaka,
ulimi nje, kama anayetia rangi ndani ya mistari,
akitangaza habari: "Baba, ziwa limekauka kidogo huku."
Kiwiko cha kushoto kilikuwa Ghuba ya Winam kamili,
zambarau, na ufuo wa kijivu;
sasa kimebaki kisiwa.
Goti ni kaidi, bado linabisha.

Tyubu ikiisha naikata kwa mkasi,
nakwangua kuta zake kwa kidole cha shahada.
Mwezi ujao sijui. Mshahara una watoto wengi.

Jana, Gredi ya Sita, nilikunja mikono ya shati
nikaandika sehemu: nne juu ya tano.
Nikasikia kimya nyuma yangu. Nikangoja.
"Mwalimu," akasema Aringo wa dawati la mbele,
"hiyo tano imekaa kama sita."
Nikaitazama. Kweli.
Nikaifuta kwa kiganja.